Namba, Herufi na Saa: Kuchagua Oili ya Injini Ndogo Zinazopozwa kwa Hewa

Mada iliyotolewa na fundi mitambo mbele ya vikundi vya wajasiriamali, wachimbaji wadogo na waendeshaji wa mashine katika mkutano wa kata



Nimeombwa nizungumze kuhusu oili ya injini ndogo. Huenda mtu akajiuliza kwa nini mkutano wa kata, wenye ajenda za maji, zahanati na madarasa, utumie muda wake kwa jambo la chupa moja ya oili. Jibu langu ni kwamba riziki ya kaya nyingi katika ukanda huu, kuanzia Mwakitolyo na Kahama hadi Mbogwe, Nyarugusu na Lwamgasa, inategemea injini ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba begani. Injini hiyo ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye duara la dhahabu, inayomwagilia nyanya na vitunguu kando ya lambo, inayowasha taa za duka pale ambapo nguzo za umeme hazijafika, inayozungusha karasha ndogo na kukata mbao. Bodaboda iliyomleta mmoja wenu hapa asubuhi hii nayo ni ya ukoo huo huo.

Ipo sababu ya pili, nayo inaihusu halmashauri moja kwa moja. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikinunua pampu au jenereta kwa mkopo huo, kisha injini ikafa katika mwezi wa tatu, marejesho hayasimami kwa sababu mashine imesimama. Na fedha isiyorejeshwa ni fedha ambayo kikundi kinachofuata kwenye foleni hakitaiona.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Pampu inapozima ghafla wakati watu wako chini ya duara, maji hayamsubiri fundi.

Ndugu wananchi, katika kazi yangu nimefungua injini nyingi zilizokufa, zile tunazosema zimenoki. Mwenye mashine huja akilalamika kwamba amenunua mashine mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi mno nikiifungua nakuta konrodi imeungua na kukatika, pengine imetoboa tumbo la injini, na ndani yake kuna kikombe kimoja cha uji mweusi ambao zamani ulikuwa oili. Mashine hiyo haikuwa mbovu. Iliwekewa oili isiyo yake, au oili yake haikubadilishwa kwa wakati. Ndiyo maana leo naomba muondoke hapa na mambo matatu tu: namba, herufi na saa.

Kabla ya kuyaeleza, tuielewe kwanza injini yenyewe. Injini ya gari ina rejeta na maji yanayozunguka kuipoza. Ina pampu ya kusukuma oili, ina kichujio cha kuisafisha, na oili yake huwa lita kadhaa. Injini ndogo inayopozwa kwa hewa haina rejeta. Hupozwa na upepo wa feni yake unaopita kwenye mapezi ya silinda, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ya kuondoa joto kwenye pistoni na konrodi hufanywa na oili. Nyingi kati ya injini hizi hazina pampu ya oili wala kichujio cha oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kidogo cha chuma kinachochota oili na kuirusha huku na huko ndani ya tumbo la injini, na matone hayo ndiyo ulinzi wote uliopo.

Sasa tazama kiasi chake. Injini ya Honda GX160, ambayo mfano wake umeigwa na viwanda vingi na umejaa katika maduka yetu, hubeba takribani lita 0.6 tu za oili, pungufu ya chupa mbili za soda za mililita 350. Oili hiyo kidogo ndiyo inayolainisha, inayopoza na inayobeba uchafu wote. Kwa hiyo kosa ambalo gari lingelivumilia kwa mwezi mzima, injini hii hailivumilii kwa wiki.

Jambo la kwanza ni namba. Kwenye chupa utaona herufi SAE, zikifuatwa na namba kama 30, 40, 10W-30, 15W-40 au 20W-50. Namba hii haielezi ubora. Inaeleza mnato, yaani uzito au wepesi wa oili. Namba iliyosimama peke yake, kama 30, hueleza uzito wa oili injini inapokuwa ya moto. Namba mbili zenye W katikati hueleza mambo mawili: ile ya kwanza ni tabia ya oili ikiwa baridi, na ile ya pili ni uzito wake ikiwa moto. Kwa hiyo oili ya SAE 30 na ile ya 10W-30 zina uzito wa daraja moja injini ikishachemka. Tofauti yao ni kwamba ya pili huwa nyepesi zaidi wakati wa kuwasha asubuhi.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba oili nzito ndiyo yenye nguvu, na kwa kuwa nchi yetu ina joto, basi namba 40 au 20W-50 ndiyo salama. Imani hiyo ina ukweli kwa baadhi ya injini, lakini haifai kuwa kanuni ya zote. Kijiko kile kidogo lazima kiweze kuirusha oili hadi juu. Oili ikiwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, dakika za kwanza za asubuhi sehemu za juu husagana zikiwa kavu, na injini hutumia nguvu zaidi kuipiga oili yenyewe.

Watengenezaji wanasemaje? Kitabu cha Honda cha injini hizi kinapendekeza 10W-30 kwa matumizi ya kawaida, na kinaruhusu SAE 30 katika hali ya hewa ya joto. Kampuni ya Briggs & Stratton ya Marekani inaeleza kwamba 10W-30 ikitumika katika joto linalozidi nyuzi 27 injini inaweza kula oili zaidi, hivyo mtumiaji apime mara kwa mara. Joto la mchana katika Shinyanga na Geita huzunguka nyuzi 30. Kwa hiyo pampu ya petroli inayofanya kazi mchana kutwa inafaa kupewa SAE 30. Ukiikosa, 10W-30 inafaa, ila usiache kupima kiwango. Injini ndogo za dizeli, kwa kawaida, huandikiwa 15W-40. Lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yako. Kama kinasema tofauti na mimi, kifuate.

Jambo la pili ni herufi, na hapa ndipo penye ubora. Tafuta neno API, kisha herufi mbili zinazolifuata. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili hiyo ni ya injini za petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili hueleza kizazi: kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa zaidi. Kiwango SL kilianza mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Kwa pampu au jenereta ya petroli, oili ya SJ au yoyote iliyo mbele yake inatosha.

Jihadharini na chupa iliyoandikwa SA au SB. Oili ya SA haina dawa za kuzuia msuguano wala za kusafisha, na taasisi iliyoweka viwango hivyo inaonya kwamba haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1930. Chupa hiyo inaweza kuwa mpya kabisa, yenye rangi ya asali na bei ya kuvutia, na bado ikaiua injini yako. Na chupa isiyo na herufi zozote usiichukue. Ikiwa chupa ina herufi za aina zote mbili, kwa mfano CI-4/SL, hiyo inaweza kutumika katika petroli na dizeli, mradi namba ya uzito iwe sahihi.

Kwa waendesha bodaboda nina neno la ziada. Katika pikipiki nyingi, klachi imelowa katika oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano ambazo zinaweza kuifanya klachi iteleze: unavuta mafuta, injini inapiga kelele, lakini pikipiki haipandi mlima. Tafuta chupa yenye alama JASO MA, MA1 au MA2. Hiyo imepimwa kwa ajili ya klachi za namna hiyo.

Kwa wenye misumeno ya mnyororo, habari ni nyingine kabisa. Misumeno mingi ina injini ya mipigo miwili, isiyo na oili tumboni. Oili yake huchanganywa na petroli. Kipimo kikiwa moja kwa hamsini, lita moja ya petroli huchukua mililita 20 za oili. Kikiwa moja kwa ishirini na tano, huchukua mililita 40. Pima kwa chupa yenye alama, usikadirie kwa jicho. Na ndugu zetu walio karibu na Ziwa Victoria, kule Nkome na Chato, wanaweza kushawishika kutumia oili ya injini za mitumbwi, yenye alama TC-W3, kwa kuwa inapatikana kirahisi. Oili hiyo ilitengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa. Msumeno hupozwa kwa hewa na joto lake ni kali zaidi. Unahitaji oili yenye alama API TC, au JASO FB, FC au FD.

Jambo la tatu ni saa, nalo ndilo tunalolipuuza kuliko yote. Oili haibadilishwi kwa kutazama rangi. Oili nzuri huwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi, na oili yenye rangi ya kupendeza inaweza kuwa imeshachoka. Kinachohesabiwa ni saa za kazi. Kwa injini ya GX160, kitabu kinaelekeza kumwaga oili ya kwanza baada ya mwezi mmoja au saa 20, kwa sababu injini mpya humwaga chembe za chuma inapojizoesha. Baada ya hapo, kila miezi 6 au kila saa 100, kutegemea kipi kimetangulia.

Hebu tuhesabu pamoja. Pampu ya bustani inayofanya kazi saa 3 kwa siku hufikisha saa 100 baada ya takribani siku 33. Pampu ya duara inayofanya kazi saa 10 kwa siku hufikisha saa hizo baada ya siku 10 tu. Mwenye pampu ya duara anayebadilisha oili kila baada ya miezi 3 ameipitisha injini yake mara tisa ya kiwango chake. Akibadilisha inavyopasa, atatumia lita 1.8 kwa mwezi. Linganisheni gharama ya lita hizo na bei ya injini mpya, nanyi mtaona ni wapi penye hasara.

Na bado hatujazungumzia vumbi. Ndugu wachimbaji, jiwe tunalosaga kutafuta dhahabu kwa sehemu kubwa ni jiwe la kwatzi, nalo ni gumu kuliko chuma cha silinda ya injini yenu. Karasha linapozunguka, vumbi lake huingia kwenye vifua vya watu, na hilo ni jambo la afya linalostahili mada yake. Vumbi hilo hilo huvutwa na injini kupitia kichujio cha hewa. Kichujio kikiwa kimechanika, au kimeondolewa ili mashine “ipumue vizuri”, vumbi hushuka hadi kwenye oili. Na kwa kuwa hakuna kichujio cha oili, linabaki humo likizunguka. Oili inageuka msasa. Hapo hakuna namba wala herufi itakayoiokoa injini.

Kwa hiyo, penye vumbi la karasha au la barabara ya kiangazi, badilisheni oili kila saa 50 badala ya 100. Funguweni kichujio cha hewa kila siku. Sponji ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, ipakwe oili safi kidogo na kukamuliwa. Kichujio cha karatasi kikung'utwe, na kikichakaa kibadilishwe. Safisheni pia mapezi ya silinda na mdomo wa feni, kwani tope na majani yakiziba hapo, joto lote linabaki kwa oili.

Namna ya kupima nayo ina utaratibu wake. Zima injini na uiweke mahali tambarare. Futa kijiti cha kupimia, kirudishe bila kukikaza kama kitabu kinavyoelekeza, kisha kisome. Oili ikizidi si akiba. Hupanda hadi kwenye kichujio cha hewa na kutoa moshi. Ikipungua, kijiko hakiifikii. Vivyo hivyo, injini iliyowekwa kwenye mteremko inaweza kuwa na oili ya kutosha, lakini yote imelala upande mmoja. Chimba kidogo, weka jiwe au ubao, injini ikae sawa. Ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikinuka petroli na kuwa nyingi kuliko ulivyoiweka, kabureta inavujisha. Katika hali zote mbili, usiwashe kabla ya kumwaga oili hiyo na kumwona fundi.

Kuhusu ununuzi, nawasihi mnunue chupa iliyofungwa na kiwanda, yenye lakiri isiyovunjwa, jina la mtengenezaji, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Oili ya kupimiwa kwenye dumu lisilo na maandishi haina namba wala herufi, na huwezi kujua kama ni mpya au imechujwa kutoka injini ya mtu mwingine. Ombeni risiti. Mwenye risiti ana pa kuanzia malalamiko yake.

Naomba niseme neno moja la usalama, kwa kuwa linaambatana na mada hii. Pampu ya juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi takribani mita 7 au 8. Hiyo ni kanuni ya maumbile, si udhaifu wa mashine. Kwa sababu hiyo wapo wanaoishusha pampu ya petroli ndani ya duara. Injini inayopozwa kwa hewa ikiwekwa shimoni hukosa hewa ya kuipoza, na oili yake huungua. Lakini kabla injini haijafa, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu kimya kimya. Injini ya petroli au dizeli isishushwe ndani ya duara kamwe. Kwa kina hicho tumieni pampu ya umeme ya kuzamishwa, na jenereta ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo.

La mwisho ni oili chafu. Najua hupakwa kwenye nguzo kuzuia mchwa, na wengine huwapaka mifugo na mbwa wenye ukurutu. Oili iliyotumika ina chembe za metali na masizi yenye madhara kwa ngozi ya mtu na ya mnyama. Ikimwagwa kwenye mwalo au kando ya kisima, huishia katika maji tunayokunywa. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko na maandishi, mbali na watoto na vyakula, na vikundi vikusanye pamoja hadi ipatikane gari la mkusanyaji mwenye kibali. Ofisi ya kata iulizwe kuhusu utaratibu huo.

Ndugu wananchi, napendekeza mambo mawili ambayo hayahitaji bajeti ya serikali. Kwanza, kila kikundi kinachoandika andiko la mradi wa mashine kiingize gharama ya oili na vichujio kama kinavyoingiza gharama ya petroli. Andiko lisilo na oili limeshapanga kushindwa. Pili, kila mashine iwe na daftari lake. Mwendeshaji aandike kila jioni saa alizofanya kazi, na siku oili ilipobadilishwa aandike namba na herufi za chupa. Mashine ikiwa ya watu kumi, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aliyepima, daftari halidhani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa injini hizi ufa wetu ni nusu lita na kidogo ya oili, na ukuta wetu ni mkopo wote wa kikundi, na pengine uhai wa kijana aliye chini ya duara. Ukifika dukani kesho, soma namba, soma herufi. Ukirudi nyumbani, hesabu saa.